Nani Apange Meza Yako? Historia Fupi ya Uso wa Linux

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, nadhani alitazamia nieleze habari za ujenzi wa bwalo au za timu yetu ya mpira. Habari hizo wapo wazijuao kunishinda. Mimi nitaeleza historia nyingine, ambayo nimeifuata tangu nilipokuwa chuo kikuu: historia ya uso wa kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux. Kwa neno "uso" nakusudia yale yote mtu ayaonayo na kuyagusa anapokaa mbele ya kioo cha kompyuta: rangi, picha ya nyuma, ukubwa wa herufi, mahali pa vitufe, na jinsi madirisha yanavyofunguka na kufungwa.

Wenzangu tuliolala mabwenini mtakumbuka ukaguzi wa Jumamosi. Vitanda vilitandikwa namna moja, shuka zilikunjwa kwa kipimo kimoja, na viatu vilipangwa mstari mmoja. Lakini upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku la bati ulikuwa wako mwenyewe. Huyu alibandika picha ya mchezaji mpira, yule ratiba yake ya kujisomea, mwingine barua ya mama yake. Mwalimu wa bweni alilijua jambo hilo akalinyamazia. Basi swali la mambo yapi yapangwe na mkuu, na yapi aachiwe mwenyewe, ndilo lililowagombanisha watengenezaji wa Linux kwa miaka mingi. Nami lilinipa kazini somo ambalo sitalisahau.

Msingi wa jambo

Tuanze mwaka 1984, katika chuo cha MIT, Marekani. Chuo hicho kilikuwa na kompyuta za makampuni mbalimbali, yakiwamo DEC na IBM, na ilihitajika namna moja ya kuonyesha kazi kwenye vioo vyote. Bob Scheifler na Jim Gettys walitengeneza mfumo wa madirisha wakauita X. Toleo lake la 11, lililotoka mwaka 1987, ndilo lililodumu.

Watengenezaji wa X walifanya uamuzi mmoja mkubwa: mfumo wao utoe vifaa tu, usitoe amri. X hujua kuchora dirisha mahali fulani, lakini haiamui dirisha hilo liwe na pambizo la rangi gani, wala kitufe cha kulifunga kikae kulia au kushoto. Kazi hiyo iliachiwa programu nyingine iitwayo msimamizi wa madirisha. Mtu akichoka na msimamizi mmoja humwondoa akaweka mwingine, na X haina neno. Mwaka huo huo wa 1987 Tom LaStrange aliandika msimamizi aitwaye twm, ambaye mpangilio wake wote hukaa katika faili moja la maandishi. Ukilifungua faili na kubadili neno moja, rangi hubadilika.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa kiini cha Linux. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, iliyotokana na mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Leseni hiyo humpa kila mtu ruhusa ya kuisoma programu, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba akiigawa awape wengine ruhusa ile ile. Nawaomba mlikumbuke sharti hili, maana ndilo litakaloamua kesi hapo mbele.

Kila mtu na sura yake

Miaka iliyofuata ilikuwa kama soko la mitumba siku ya gulio: kila mtu alichagua alichopenda. Mwaka 1993 Robert Nation alitoa fvwm, aliyoitoa katika twm ili itumie kumbukumbu ndogo ya mashine. Windows 95 ilipotoka, wengine waliigeuza fvwm ifanane nayo. Mwaka 1997 Alfredo Kojima wa Brazil alitoa Window Maker, iliyofuata sura ya kompyuta za NeXT. Carsten Haitzler naye alitengeneza Enlightenment, iliyosifika kwa mapambo yake.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Programu moja ilikuwa na vitufe vya kijivu, ya pili vyeupe, ya tatu ilinakili maneno kwa njia isiyofanana na nyingine. Aliyezoea aliweza, lakini mgeni alipotea. Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani, aliwaita wenzake watengeneze uso mmoja kamili ambao mtu wa kawaida ataweza kuutumia. Mradi huo ni KDE, na toleo la 1.0 lilitoka Julai 1998. Lakini KDE ilijengwa juu ya Qt, mali ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa na uhuru kamili. Kwa sababu hiyo, Agosti 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha GNOME. Qt iliwekwa chini ya GPL mwaka 2000, lakini kwa wakati huo nyumba zilikwisha kuwa mbili, na hata leo ni mbili.

Waliopunguza

Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwakalisha watu mbele ya GNOME na kuwatazama wakihangaika. Ilionekana kwamba wingi wa machaguo uliwachanganya. Ndipo GNOME 2.0 ya Juni 2002 ilipotoka ikiwa imepunguzwa sana. Mmoja wa viongozi wa mradi, Havoc Pennington, alieleza kwamba kila switichi unayomwongezea mtumiaji ina gharama: hapana budi iandikwe, ijaribiwe, na imsumbue asiyeihitaji. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Sisi tulio maofisini twajua fomu yenye maswali 60 humfukuza mwananchi dirishani. Hata hivyo wapo waliokasirika. Desemba 2005 Torvalds mwenyewe aliwashauri watu hadharani watumie KDE, akisema GNOME inawachukulia watumiaji kama wajinga.

Katika miaka hiyo ndipo mimi nilipoingia katika habari hizi. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, jina ambalo kwa Kiswahili ni utu, na uso wake ulikuwa wa rangi ya udongo. Diski zake zilitumwa kwa posta bure, na utaratibu huo ulidumu hadi 2011. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Nilipopata diski yangu ya Ubuntu nilikesha nikibadili rangi, nikaweka picha ya mbuyu wa kijijini kwetu, nikahamisha vitufe mara nne. Mwenzangu wa chumbani aliniuliza kama nilikuja chuoni kusoma au kupaka rangi. Sikuwa na jibu. Lakini katika kupaka rangi huko nilijifunza faili hukaa wapi na amri huandikwaje, na elimu hiyo ndiyo iliyonifikisha nilipo kazini.

Mwaka 2011

Aprili 2011 ilitoka GNOME 3.0. Uso wa zamani uliondolewa karibu wote. Orodha ya madirisha iliyokuwa chini ya kioo haikuwapo tena, wala kitufe cha kulishusha dirisha. Kelele zilikuwa kubwa, na Torvalds alihamia Xfce, uso mwepesi ambao Olivier Fourdan aliuanzisha mwaka 1996.

Kama GNOME ingekuwa mali ya kampuni moja, hadithi ingeishia hapo: watumiaji wangelalamika, kisha wangezoea. Lakini lile sharti la leseni lilifanya kazi yake. Mtumiaji mmoja wa Argentina aliichukua GNOME 2 iliyoachwa akaanza kuiendeleza kwa jina la MATE. Kundi la Linux Mint, lililoanzishwa na Clement Lefebvre, lilitengeneza Cinnamon juu ya msingi mpya lakini kwa mpangilio wa zamani. GNOME yenyewe ilifungua mlango wa nyongeza, ili mtu aweze kurudisha alichokikosa. Mwaka 2013 Torvalds alirejea GNOME akiwa na nyongeza zake. Hakuna aliyeomba kibali kwa mtu.

Kosa langu

Sasa nieleze la kwangu. Mwaka 2012 nilikuwa na jukumu la kompyuta sita za zamani katika ofisi yetu, ambazo tulizitia Linux kwa kuwa mifumo ya kununuliwa ilizilemea. Ijumaa moja jioni, watu wakiwa wamekwenda makwao, nilizibadilisha zote sita nikaziwekea uso mpya ambao mimi niliupenda. Sikumwuliza mtu. Jumatatu nilipokea pongezi za vijana wawili, nikajiona nimefanya jambo.

Katika chumba cha mwisho alikaa mama mmoja mpiga chapa, aliyeanza kazi enzi za taipureta na aliyebakiza miaka miwili astaafu. Yeye hakusema kitu. Baada ya wiki mbili alikuja mwalimu mstaafu kuulizia barua ya mafao yake. Haikuwa imepigwa. Nilipokwenda kutazama, nilikuta barua 11 zinangoja. Mama yule alikuwa hawezi kulipata faili lake la mfano, herufi zilikuwa ndogo kwa macho yake, na aliona haya kumwuliza kijana wa umri wa mwanawe. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, umenihamishia jiko usiku nimelala. Chumvi sijui iko wapi."

Nilimwomba radhi. Jioni ile nilikaa naye, tukaweka Xfce. Nilimwuliza kila kitu alitaka kikae wapi. Herufi tulizikuza, nyuma tukaweka rangi ya krimu isiyoumiza macho, na vitu vitano anavyovitumia tukavipanga kushoto alikovizoea. Barua zote 11 zilitoka kabla ya wiki kwisha. Alifanya kazi kwenye meza hiyo mpaka siku ya kuagwa kwake. Lakini wiki mbili za yule mwalimu mstaafu sikuweza kumrudishia.

Tangu siku hiyo naisoma historia hii kwa jicho jingine. Zamani niliwaona waliopunguza kuwa wabaya na waliopamba kuwa wema. Leo naona kwamba kosa la mwaka 2011 na kosa langu la 2012 ni moja: si kutengeneza sura mpya, bali ni kumpangia mtu meza yake bila kumwuliza. Tofauti ni kwamba watumiaji wa GNOME walikuwa na leseni mkononi na ujuzi wa kuitumia. Mama yetu leseni alikuwa nayo pia, maana ni ya kila mtu, lakini bila mtu wa kukaa naye saa moja ilikuwa karatasi tu.

Vijana mlioko madarasani, mambo yangali yanakwenda. Mfumo wa X nao unapisha: Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imeshika nafasi yake hatua kwa hatua, na Plasma 6 ya KDE, iliyotoka Februari 2024, hutumia Wayland pasipo kuambiwa. Mkipata kompyuta yenye Linux, ichezeeni bila hofu. Lakini kwanza nakilini faili la mpangilio kabla hamjaligusa, na badilini jambo moja kwa wakati, ili likiharibika mjue ni lipi.

Na siku mtakapopewa funguo za chumba cha kompyuta, au cheo chochote kinachowapa uwezo wa kupanga meza za wengine, mwulizeni kwanza anayeketi pale. Shuka zikunjwe namna moja, sawa; kifuniko cha sanduku mwachieni mwenyewe.

Nawatakieni nyote mkutano mwema.