Bei ya Haki kwa Fundi wa Mashine

Bei zilipopanda Madina, watu walimuomba Mtume (s.a.w.) awapangie. Alikataa, akieleza kuwa Allah ndiye Mpangaji wa bei, naye hataki kukutana Naye hali anadaiwa dhulma na yeyote. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) alifafanua: bei ikipanda kwa uhaba, wauzaji wasilazimishwe kushusha, wakizuia bidhaa watu wakiwa na dhiki, walazimishwe bei ya mfano.

Tanzania ilidhibiti bei kwa sheria ya mwaka 1973. Uhaba ulipozidi, bidhaa zilihamia kwa walanguzi, na msako wa 1983 haukuumaliza.

Leo mkulima wa Kongwa au Bahi atengenezaye pampu na mashine za kusaga kama kazi ya ziada hupatana mwenyewe na mteja. Fiqhi inamtaka ataje ujira kabla ya kufungua mashine. Wasipoutaja, anastahili ujira wa mfano, yaani ule wanaolipwa mafundi wenzake hapo. Akitumwa kununua kipuri, yeye ni wakala: kuongeza bei kwa siri ni khiyana. Na mashine ikifa wakati wa mavuno, dhiki ya mwenyewe isigeuzwe mtaji.

Wallahu a'lam.