Uhawilishaji wa Dawa

Tendo la kuichukua dawa iliyokusudiwa maradhi fulani na kuitumia kwa maradhi mengine lahitaji jina la Kiswahili, nami naona jina lifaalo ni uhawilishaji wa dawa. Wako wasemao ugeuzaji, lakini dawa yenyewe haigeuki umbo wala asili. Kinachohama ni matumizi yake, na kuhawilisha, neno la asili ya Kiarabu tulilolizoea katika mambo ya fedha, ni kukihamisha kitu hali chenyewe ni kile kile.

Msingi wa tendo hili ni wa hekima. Katika Korona kali mgonjwa aghalabu hudhuriwa si na kirusi peke yake, bali pia na kinga yake mwenyewe iliyopindukia kiasi hata ikayavimbisha mapafu. Ndiyo maana dawa ya kutuliza uvimbe, ijapokuwa haiui kirusi, yaweza kuokoa roho. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilithibitisha kwamba deksamethasoni, dawa kongwe na rahisi, ilipunguza vifo kwa kadiri ya theluthi moja miongoni mwa waliokuwa wakipumulia mashine. Huo ni uhawilishaji uliotimia.

Lakini soko la hisa halina subira ya tabibu. Lenzilumab, dawa ya kampuni ya Humanigen ya Marekani, ambayo huizuia protini iichocheayo kinga, ilikuwa haijaidhinishwa kwa ugonjwa wowote wakati wawekezaji walipozigombea hisa zake kwa tamaa ya kuwa itatibu Korona. Septemba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilikataa kuiidhinisha kwa dharura, na thamani ya hisa ikaporomoka kwa karibu nusu. Julai 2022 jaribio lililodhaminiwa na serikali halikufikia lengo lake. Na Januari 2023 kampuni ikaomba hifadhi ya muflisi mahakamani.

Mwenendo huo wa wawekezaji tuuite ubahatishaji wa hisa, wala si ulanguzi, kwani mlanguzi huuza kwa bei ya dhuluma bidhaa iliyopo, ilhali mbahatishaji hununua tamaa ya jambo ambalo halijathibiti. Basi nawasihi waandishi wa magazeti waseme dawa “imehawilishwa” pale tu ushahidi wa majaribio ulipokamilika, na kabla ya hapo waseme “yajaribiwa”. Kwa maana mwekezaji aliyekosea hupoteza mali, na mali hutafutwa tena, bali mgonjwa aliyeiacha tiba sahihi kwa kuamini habari ya soko huenda asipate fursa ya pili.