Mwewe Waliohesabiwa Mlimani

Leo tuweke mbolea kando kidogo, tuzungumze habari za mwewe. Najua wewe unamjua kwa ubaya, mnyang'anyi wa vifaranga. Basi hata Marekani walimjua hivyo hivyo. Katika jimbo la Pennsylvania upo mlima mrefu kama ukuta. Upepo ukiupiga hupanda juu, na mwewe, tai na kozi wanaohamia kusini kila mwaka huelea juu ya upepo huo. Watu walikuwa wakijipanga pale na bunduki, wakiwaangusha kwa mamia.

Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, aliukodi mlima ule akamweka mlinzi, Maurice Broun. Huyu bwana alizuia bunduki, kisha akaanza kuhesabu: leo wamepita wangapi, wa aina gani, wazima wangapi, wachanga wangapi. Utasema ni kazi ya mtu asiye na shamba. Lakini subiri.

Miaka ya 1935 hadi 1939, katika kila tai 100 wenye kichwa cheupe waliopita, 40 walikuwa wachanga. Miaka ya 1955 hadi 1959 wakawa 20 tu, na mwaka 1957 alionekana mchanga mmoja kwa wazima 32. Wewe mfugaji ukiona zizi limejaa ng'ombe na ndama hakuna, huulizi mara mbili, kuna jambo. Jambo lenyewe lilikuwa DDT. Sumu ile ilipita kwa wadudu na samaki ikaingia mwilini mwa tai, maganda ya mayai yakawa membamba, yakapasuka mama akiyaatamia. Rachel Carson alizitia hesabu za Broun katika kitabu chake cha mwaka 1962, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku DDT mashambani.

Sasa turudi kwetu. Bwana R. E. Moreau, aliyefanya kazi kituo cha Amani, Usambara, tangu 1928, alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wanaohamia Afrika kila mwaka ni kama bilioni 5. Miongoni mwa wahamaji wanaofika kwetu yumo kozi wa Amur, mdogo kama njiwa, miguu myekundu. Hutoka Siberia na kaskazini ya China, akavuka Bahari ya Hindi kwa upepo wa kaskazi, ule ule ulioleta majahazi. Hufika Novemba na Desemba, vuli ikinyesha, akala kumbikumbi na panzi wako bila kudai ujira. Mwaka 2012 huko Nagaland, India, walinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha.

Hapa kwetu hatari ni sumu. Panya aliyekula sumu hujikokota hadharani, na mwewe akamla. Kwelea waliopuliziwa fenthioni ni vivyo hivyo. Fukia mizoga yote.

Na wewe wa Mgeta, Kinole au Matombo, unao mlima wako. Vuli ijayo chukua daftari la mwanao, andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na idadi. Kundi likiwa kubwa hesabu kumi kumi. Usichanganye wanaopita na wale wanaozunguka tu juu ya kijiji. Jioni baada ya mvua ndiyo saa nzuri, kumbikumbi wakitoka. Daftari likijaa, mpe bwana shamba wako.