Mfahamu Harvey Birch: Mchuuzi wa Riwaya ya "The Spy" Aliyekubali Kuitwa Msaliti Hadi Kifo

Wasee, hebu fikiria hii. Unafanyia nchi yako kazi hatari kuliko mwanajeshi yeyote, halafu watu wa upande wako ndio wanakutafuta wakunyonge. Karatasi ya kukuokoa uko nayo mfukoni. Lakini ukiionyesha, kazi imeharibika.

Ungefanya nini?

Hiyo ndiyo shida ya Harvey Birch, jamaa mkuu kwenye "The Spy: A Tale of the Neutral Ground", riwaya ya James Fenimore Cooper iliyotoka New York mwezi Desemba 1821. Kama unapenda filamu za majasusi, huyu ni babu yao. Tulia nikupe rada yote. Na nikuonye mapema: mwisho pia nitausema.

Cooper alikuwa nani?

Alizaliwa 1789 New Jersey. Alienda chuo cha Yale akiwa mdogo sana, akafukuzwa kwa utundu. Akaingia baharini, kwanza kwa meli ya biashara, halafu jeshi la majini. (Sisi tulioacha chuo njiani tunamwelewa.)

Kitabu chake cha kwanza, "Precaution" cha 1820, kilikuwa cha maisha ya matajiri wa Uingereza, kwa sababu hizo ndizo stori Wamarekani walikuwa wanasoma wakati huo. Hakikutikisa mtu. Cha pili akaamua kuandika ya kwao: vita vya Marekani kujitoa kwa Waingereza, kwenye mashamba ya Westchester, karibu na kwake.

Stori inafanyika wapi?

Ni 1780. Waingereza wameshikilia jiji la New York. Jeshi la George Washington liko juu, kaskazini. Katikati kuna Westchester, eneo ambalo hakuna upande unalimiliki, ndiyo maana likaitwa "Neutral Ground".

Usidhani hapo kulikuwa na amani. Kulikuwa na mbogi mbili. Cowboys walikuwa upande wa Waingereza, wakiiba ng'ombe. Skinners walijiita wazalendo wa Marekani, lakini kazi yao ilikuwa kupora na kuchoma nyumba. Mwananchi wa kawaida alikuwa anapigwa na pande zote. Ukiulizwa uko upande gani, unaangalia kwanza nani anauliza.

Nani ni nani

- Harvey Birch: mchuuzi anayezunguka na mzigo wa bidhaa mgongoni. Kila mtu anaamini ni jasusi wa Waingereza. Ukweli ni kwamba anafanyia Washington kazi.
- Bwana Harper: mgeni mpole anayeomba hifadhi wakati wa mvua kubwa. Ni Washington mwenyewe amejificha.
- Familia ya Wharton: mzee tajiri anayejifanya hana upande. Binti yake Sarah anapenda Waingereza, Frances anapenda Wamarekani, na Henry ni kapteni wa jeshi la Uingereza.
- Meja Dunwoodie: mwanajeshi wa Marekani, mchumba wa Frances.
- Kapteni Lawton: askari wa farasi mwenye hasira za karibu, na ana hamu sana ya kumnasa Birch.

Inaendaje?

Henry anavaa nywele bandia na kupenya hadi nyumbani kuona familia. Anashikwa na anashtakiwa kuwa jasusi. Anayemshika? Dunwoodie, shemeji mtarajiwa. Hapo Frances amebanwa kati ya bro na mchumba. Na hukumu ya jasusi ilijulikana: mwaka huohuo, Oktoba 2, 1780, Wamarekani walimnyonga kikweli Meja John André wa Uingereza.

Upande wa Birch ndio unauma zaidi. Skinners wanamvamia wakati babake anakata roho, wanachukua akiba yake yote, na nyumba inachomwa. Halafu wanampeleka kwa jeshi wakidai zawadi. Lawton anawalipa pesa zao vizuri, kisha anaamuru wachapwe viboko. Hiyo sehemu utacheka.

Mbele ya Dunwoodie, Birch anatoa karatasi kwa kijisanduku cha bati. Kisha anabadilisha nia na kuimeza. Afadhali anyongwe kuliko siri itoke. Anahepa baadaye usiku akiwa amevaa nguo za Betty Flanagan, mama anayewauzia askari pombe. Na ni Birch huyohuyo anayekuja kumtorosha Henry.

Vita vikikaribia kuisha, Washington anamwita faraghani na kumpa dhahabu. Birch anakataa hata senti moja. Washington anamwambia ukweli mchungu: kuna wengine wanaofanya kazi kama yake, na akisafishwa jina, maisha yao yatakuwa hatarini. Kwa hivyo lazima aendelee kuitwa msaliti.

Miaka 33 baadaye, kwenye vita vingine na Waingereza karibu na Niagara, mzee maskini anakufa kwa risasi. Kifuani ana kijisanduku cha bati. Ndani kuna barua ya Washington ikisema huyu alikuwa mwaminifu. Aliibeba miaka yote hiyo bila kumwonyesha mtu.

Ni ya ukweli?

Kiasi. Cooper alisema alipata wazo kutoka kwa John Jay, Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Jay alisimulia kuhusu jasusi aliyemtumia wakati wa vita, ambaye walikutana usiku msituni kumlipa, naye akakataa pesa. Jina hakulitaja. 1828 kitabu kingine kilidai jasusi huyo ni Enoch Crosby, lakini Cooper alisema hakuwahi kumjua mtu halisi.

Vitu vya kushangaza

- Cooper aliandika sura ya mwisho, ikachapishwa na kupewa namba za kurasa, kabla sura za kabla yake hazijaandikwa. Mchapishaji alikuwa anaogopa kitabu kitakuwa kirefu.
- Machi 1822 tayari kulikuwa na mchezo wa jukwaani New York.
- Kwenye riwaya, Betty ndiye anapewa sifa ya kubuni kinywaji cha cocktail. Ni utani, neno hilo lilikuwepo kabla.

Mahali kimezeeka

Caesar, mtumwa mweusi wa Wharton, amechorwa kwa dharau, kama kichekesho. Kumbuka kitabu kilitoka wakati utumwa bado ulikuwa halali New York; uliisha huko 1827. Na bado ni kwa kuvaa kama Caesar ndipo Henry anapona kamba. Caesar ndiye anabaki nyuma kwenye chumba cha mfungwa.

Usome?

Ndiyo, lakini jipange. Ni sura 35 za Kiingereza kirefu cha zamani, na mwanzo unakokota. Iko bure kwa Project Gutenberg, hata kwa simu inafunguka. Vumilia hadi Birch ameze ile karatasi. Ukifika hapo, hutaiweka chini.