Sura Mawinguni: Historia ya Jina na Alama za Televisheni ya Zaire

1. Utangulizi

Shirika la utangazaji hujitambulisha kwa mambo mawili kabla halijatoa habari yoyote: jina lake, na alama inayotangulia vipindi vyake. Watazamaji wengi huichukua alama hiyo kuwa pambo tu, kama vile nakshi ya mlango ambayo mgeni huipita bila kuitazama. Hata hivyo nakshi huonyesha mwenye nyumba ni nani. Historia ya televisheni ya Zaire, iliyokoma kwa jina hilo mwaka 1997, ni mfano ulio wazi wa jambo hili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba alama za televisheni ile hazikujibu swali la chombo chenyewe, yaani “hiki ni chombo gani?”, bali zilijibu swali la utawala: “ni nani anayesema?”

2. Jina: kutoka Kongo hadi Zaire

Redio ilitangulia televisheni kwa miaka zaidi ya ishirini. Radio Congo Belge ilianzishwa Léopoldville mwaka 1940, na jina lake halikumficha mwenye mali: Kongo, tena ya Wabelgiji. Baada ya uhuru wa 1960, chombo hicho kikawa cha taifa. Televisheni ilianza Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kutwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Hivyo tangu kuzaliwa kwake haikupata kujua utawala mwingine.

Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilibadilishwa jina na kuitwa Zaire. Wanaisimu wanafahamu asili ya neno hilo: ni matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo nzadi au nzere, lenye maana ya mto mkubwa. Siasa ya uhalisi, iliyodai kurudi kwenye asili ya Mwafrika, ilichagua basi neno lililokuwa limekwisha kupita katika kinywa cha Mzungu. Kwa jina hilo jipya chombo kikaitwa La Voix du Zaïre, yaani Sauti ya Zaire. Majengo yake makubwa ya Kinshasa, yaliyojengwa kwa mitambo ya kampuni ya Kifaransa Thomson-CSF, yalizinduliwa mwaka 1976. Mwaka 1981 sheria ilianzisha shirika la umma lililoitwa Office Zaïrois de Radiodiffusion et de Télévision, kwa kifupi OZRT.

Majina haya mawili hayafanani. OZRT ni jina la ofisi: linataja kazi, yaani utangazaji, na linataja mwajiri, yaani dola. Sauti ya Zaire ni jina la mtu, maana sauti haina budi kuwa na koo inayotoka. Jina lenyewe halikusema koo hiyo ni ya nani. Jibu lilitolewa na alama.

3. Mwenge wa Chama

Alama ya kwanza ilikuwa mwenge. Mouvement Populaire de la Révolution (MPR), chama kilichoanzishwa mwaka 1967, kilichukua mkono ulioshika mwenge unaowaka kuwa nembo yake. Mwaka 1971 mkono huo huo uliwekwa ndani ya duara la manjano katikati ya bendera ya kijani ya taifa. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa macho kutenganisha nchi na Chama. Katiba iliyorekebishwa mwaka 1974 ikakamilisha mambo: Chama kikatangazwa kuwa ndicho taasisi kuu ya nchi, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mtangazaji naye hakuwa na mahali pa kusimama nje ya Chama. Vipindi vilipambwa kwa nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi, ambazo watu walizoea kuziita animasyo.

4. Sura mawinguni

Alama ya pili ndiyo inayokumbukwa zaidi. Kabla ya taarifa ya habari ya jioni, kioo kilionyesha anga lenye mawingu. Katikati ya mawingu hayo ikajitokeza sura ya Mobutu, ikakaribia polepole, kana kwamba anashuka kutoka mbinguni. Baada ya hapo ndipo habari zilipoanza.

Maana ya picha hii inaeleweka vizuri zaidi ikiwekwa katika wakati wake. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, akalazimika kwa muda kukaa nje ya nchi. Mwaka 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za taifa. Mwanzoni mwa 1975, kwa majuma kadhaa, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi yeyote isipokuwa Rais. Wengine wote walitajwa kwa vyeo vyao tu. Dola iliyokuwa ikiondoa ishara za Kanisa barabarani na mashuleni ilikuwa wakati huo huo ikiazima mojawapo ya ishara zake kubwa, yaani ujio kutoka juu. Picha ya mawinguni na amri ya kutotaja majina zilifanya kazi moja: zilibakiza sura moja na jina moja.

Ni lazima ikumbukwe pia kwamba televisheni haikufika kila mahali. Katika vijiji vya Kivu na vya Shaba, wengi waliijua Sauti ya Zaire kwa redio tu, na kwa lugha ya Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotangazwa pamoja na Kifaransa. Huko sura haikuonekana, bali nyimbo za sifa zilisikika. Kwa hiyo alama ilikuwa na sehemu mbili: ya macho mjini, na ya masikio vijijini.

5. Kufa kwa alama

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991-1992 ulipotangazwa redioni na kwenye televisheni, wananchi waliona katika kioo kile kile nyuso nyingine, na kusikia Kiongozi akilaumiwa kwa jina. Vituo vya watu binafsi, kama vile Antenne A, navyo vikazaliwa mjini Kinshasa. Sauti ikawa imekwisha gawanyika kabla utawala haujaanguka.

Tarehe 17 Mei 1997 askari wa AFDL waliingia Kinshasa, na wengi wao walisema Kiswahili katika mji uliozoea kuamriwa kwa Kilingala. Nchi ikarudia jina la Kongo, bendera ya mwenge ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya bluu yenye nyota, na shirika likaitwa Radio-Télévision Nationale Congolaise, RTNC. Majengo hayakubadilika. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale. Hata Sakombi Inongo, aliyeongoza propaganda ya Mobutu katika miaka ya 1970, alikuja kuwa waziri wa habari wa Laurent-Désiré Kabila. Kilichokufa ni alama peke yake. Nayo ilikufa kwa sababu haikuwa ya shirika kamwe: sura ya mtu haiwezi kurithiwa na chombo.

6. Hitimisho

Katika Kiswahili neno sauti halibadiliki katika umoja na wingi. Kinacholitofautisha ni upatanisho: sauti ya Zaire ni moja, sauti za Zaire ni nyingi. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, jina, mwenge na sura mawinguni vilishirikiana kuilinda silabi moja ndogo, ili ya isigeuke kuwa za. Wananchi waliosikiliza Mkutano Mkuu wa Taifa walisikia badiliko hilo likitokea mbele yao. Kurudishwa kwa jina la Kongo mwaka 1997 kuliondoa sura ya zamani. Hakukutosha kuamua upatanisho. Neno “taifa” lililomo katika jina la RTNC litakuwa na maana pale tu kioo kitakapokubali kuonyesha wengi, pamoja na wale wasiokubaliana na aliye madarakani. Bila hivyo, mawingu yatabaki yakingoja sura nyingine.