Outlander: Kwani Claire Alimcheza Frank?

Ukicheki series kwa flash pale Kibra ama Kawangware, hii ni ya kukosanisha mabeste. Outlander imetoka kwa vitabu vya Diana Gabaldon, cha kwanza kikiwa cha 1991. Kwa TV ilianza Agosti 2014.

Claire ni nesi wa 1945. Anagusa jiwe huko Scotland, anajipata 1743, anaolewa na Jamie. Shida ni Frank, bwanake, bado anamngoja.

Timu Frank husema ndoa ni ndoa. Kwani mtu wako akienda kazi Saudia, unaolewa tena? Timu Jamie nao: Frank hata hajazaliwa! Na bila hiyo ndoa, Claire angeshikwa na wanajeshi wa Uingereza.

Wewe uko timu gani?