Kutoka Qalhat: jedwali likiwekwa hadharani

Nimekuwa kimya wiki nyingi, najua mmenilalamikia. Zamu za usiku zimeniandama, na joto la huku nalo halina adabu. Leo nina siku ya mapumziko, chai iko mezani, basi tuongee. Nina jambo la kuwaeleza kabla hatujaanza ule mchango wa mjomba, na itabidi mnivumilie maana nitaanzia mbali kidogo.

Ijumaa iliyopita tulikwenda Qalhat, wauguzi watatu ndani ya gari moja. Ni kama kilomita 20 na ushei kutoka Sur, njia ya pwani, unapita mtambo wa gesi halafu unaona mlima umesogea karibu na bahari. Hapo juu ya mteremko ndipo ulipokuwa mji. Sasa ni mawe tu, kuta za kufika magotini, na jengo moja lililosimama bila kuba: kaburi linaloitwa la Bibi Maryam. Mwaka 2018 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Zamani hapa palikuwa bandari kubwa chini ya ufalme wa Hormuz. Farasi walipakiwa hapa kwenda India. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika na hapa. Alitembea kwa miguu kutoka Sur, akapata kiu na taabu, na viatu vikambana hata damu ikakaribia kutoka chini ya kucha. Alipofika alikaa siku sita kwa mtawala wa mji, hawezi kusimama. Mimi kama muuguzi nilicheka niliposoma hayo, maana ningemwandikia nini kwenye faili zaidi ya miguu kuvimba na kupumzika kitandani! Alipopona aliusifu msikiti wenye vigae, uliojengwa na Bibi Maryam, na akasifu sana samaki wa huko. Mwaka 1508 Mreno Afonso de Albuquerque akaja na meli zake, akauteketeza mji na msikiti wake.

Nilikaa kwenye jiwe nikawaza. Bandari ya namna hii lazima ilikuwa na watu wa kuhesabu: farasi wangapi, ushuru kiasi gani, nani anadaiwa. Lakini mengi tunayoyajua leo kuhusu mji huu yametoka kwa wageni waliopita na kwa waliochimba mawe baadaye. Hesabu iliyokaa ndani ya sanduku la mtu mmoja, sanduku likiungua nayo imekwisha. Hesabu iliyowekwa mbele za watu ina maisha marefu zaidi. Ila nayo ina hatari yake, na hiyo ndiyo habari ya leo.

Sisi wauguzi tuna mkubwa wetu katika mambo haya, Florence Nightingale. Wengi mnamjua kwa taa yake. Pale chuoni, nilipokuwa nasomea shahada, nilijifunza kwamba silaha yake nyingine ilikuwa jedwali. Vita vya Crimea vilipokwisha mwaka 1856 alirudi Uingereza na hesabu za vifo vya askari. Zilionyesha kwamba waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha, na mengi ya maradhi hayo yangezuilika. Mwaka 1858 alizichapisha kwa michoro ambayo hata mkubwa asiyependa kusoma namba angeielewa kwa kuitazama. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Zingatieni jambo moja: alichapisha idadi ya waliokufa na sababu. Hakubandika ukutani faili la mgonjwa.

Haya, tuje kwenye kompyuta. Jedwali la kompyuta, ambalo wataalamu wanaliita lahajedwali, lilianza kuuzwa mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc. Waliolitengeneza ni Dan Bricklin na Bob Frankston. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, akaona jinsi hesabu ya ubaoni ilivyokuwa kazi: ukibadilisha namba moja inabidi ufute na kuandika upya zote zinazoitegemea. Akawaza, je, ubao ungejihesabu wenyewe? Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, na mwaka 1985 ikaja Excel.

Lakini jedwali lilibaki ndani ya mashine ya mwenye nalo. Ukitaka mtu alione unachapa karatasi au unampelekea faili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Excel iliweza kuhifadhi jedwali kama ukurasa wa wavuti, ila ilibidi uupeleke mwenyewe kwenye seva, na ukurasa ule ulikuwa kama picha ya siku ile. Kesho ukibadilisha hesabu, ukurasa haujui.

Juni 2006 Google walileta jedwali lao la mtandaoni. Msingi wake ulikuwa programu ya XL2Web, ya kampuni ndogo waliyokuwa wameinunua. Hapo mambo yakabadilika. Unafungua Faili, unakwenda Shiriki, halafu unachagua Chapisha kwenye wavuti. Unapewa linki. Mwenye linki anafungua hata kwa simu, hahitaji akaunti wala programu, anaona namba bila kuweza kuzigusa. Ukibadilisha kitu kwenye jedwali lako, baada ya dakika chache ukurasa nao umebadilika. Kuchapisha na kushiriki ni vitu viwili. Kushiriki unaweza kumchagulia mtu kwa jina. Kuchapisha ni kufungua mlango kwa yeyote atakayepita, na hutajua nani kapita.

Nguvu ya kitu hicho tuliiona mwaka 2020. Tarehe 22 Januari profesa Lauren Gardner na mwanafunzi wake Ensheng Dong wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifungua ile ramani ya korona yenye duara nyekundu. Nyuma yake mwanzoni kulikuwa na jedwali la Google, wakilijaza kwa mikono, wakaliacha wazi kila mtu alione na alitumie. Dunia nzima ikawa inatazama hapo, mpaka walipoacha kukusanya namba tarehe 10 Machi 2023.

Na mimi nilikuwa natazama. Kila nikitoka zamu, kabla sijavua viatu, natafuta mstari wa Tanzania. Mnakumbuka. Mwishoni mwa Aprili 2020 Bara waliacha kutoa takwimu, na mapema Mei mstari wetu ukasimama: wagonjwa 509, vifo 21. Mei 509. Desemba 509. Februari 2021 tunapigiwa simu za misiba, mstari ni 509. Nchi jirani namba zinapanda na kushuka, sisi tumeganda kwa zaidi ya mwaka. Ni Juni 28, 2021 ndipo Rais Samia alipotaja hadharani kwamba kuna wagonjwa kama 100, na kati yao kama 70 wako kwenye oksijeni. Sikulia kwa furaha, lakini nilikaa chini. Muuguzi anaweza kufanya kazi na namba mbaya. Namba isiyosogea haimsaidii.

Nisiseme kwetu tu. Uingereza, wenye kompyuta zao zote, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020 walipoteza wagonjwa 15,841 kwenye hesabu, kwa sababu walitumia aina ya zamani ya faili la Excel ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka kimya kimya, na watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Sasa nifike nyumbani kwetu.

Mwaka ule viwanja vya ndege vimefungwa, mimi niko huku, na kila siku kwenye kundi la familia tunapata habari tatu zinazopingana kuhusu mtu mmoja. Nikaona nitengeneze jedwali la ukoo: jina, mji, hali yake leo, nani kamwona kwa macho. Nikalichapisha, nikawapa linki. Likasaidia, mwenyewe mama mkubwa alisema sasa analala.

Lakini faili lile lilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa wangu, maelezo ya muuguzi: nani ana sukari, nani ana presha, nani anameza dawa gani kila siku na tangu lini. Nilihitaji hayo ili nijue nani akikohoa nihangaike zaidi. Nilipochapisha nilitakiwa nichague ukurasa mmoja. Nikaacha ilivyokuwa: faili lote.

Sikujua kwa siku nne. Linki ikatoka kwenye kundi letu ikaenda kundi la mtaa, ikafika mahali ambapo ndugu yetu mmoja alikuwa na shughuli yake njema inayokaribia. Mnajua ninamsema nani, tusimtaje. Nilipopigiwa simu nilikuwa kwenye zamu. Niliingia chooni nikafungua simu, nikabonyeza kuacha kuchapisha, na ukurasa ukafungwa. Ilikuwa bure. Watu walikuwa wameshapiga picha za skrini. Posa ikarudishwa, na ninyi wengine mkadhani upande ule walipata sababu nyingine. Sababu ilikuwa mimi.

Kazini nisingethubutu kuacha faili la mgonjwa mezani hata nikienda kunywa maji. Kuna bibi mmoja hapa, mzaliwa wa Unguja, kila nikimpima huniuliza kwa Kiswahili chake kitamu: "Unaandika nini humo, mwanangu? Na nani atasoma?" Nilimjibu mara nyingi bila kufikiri. Siku ile swali lake lilinikaa kooni. Kwa wagonjwa wa watu nilikuwa na nidhamu, kwa ndugu zangu nikajiona niko nyumbani.

Ndugu yangu, nimekuomba msamaha kwa simu, na ukanijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Leo naomba mbele ya wote, kwa sababu kosa nalo lilikuwa mbele ya wote. Na kama hupendi hata haya niliyoandika, niambie, nitayafuta usiku huu huu.

Sasa mchango wa mjomba. Nyonga yake haiwezi kusubiri, na fedha zitapita mikononi mwangu. Mwenye kushika fedha za watu lazima aonekane, kwa hiyo nitachapisha jedwali. Lakini litakuwa hivi. Ni faili jipya lenye ukurasa mmoja tu. Namba za simu na majina yatakaa kwenye faili jingine kabisa ambalo halichapishwi. Sitategemea kuficha safu, maana kilichofichwa ndani ya faili bado kimo ndani ya faili. Ukurasa utaonyesha tarehe, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka na kimelipia nini. Aliyetoa elfu 5 na aliyetoa laki 5 wote watakuwa mstari mmoja mmoja bila jina, ili asiwepo wa kusimangwa. Utajua mstari wako kwa tarehe na kiasi. Usipouona baada ya siku moja, nipigie. Kabla sijawapa linki nitaifungua kwenye simu ya mwenzangu wa hapa ambaye si mtu wetu, nione anachokiona mgeni. Na matibabu yakiisha, risiti zikikaguliwa na baba mdogo na shangazi, nitaacha kuchapisha.

Wakati tunaondoka Qalhat jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima, na mwenzangu mmoja akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia nahesabu. Akasema unahesabu nini, mawe? Nikacheka tu.

Mwambieni mjomba asishuke ngazi peke yake. Na tafadhali asikandwe nyonga na mtu yeyote, nimeshasema.

Wasalaam, nawakumbuka wote.